Jiwe Nililolitupa na Gazeti Lake

Siku mliyoniaga nilipostaafu, vijana wa stoo, mlinipa chai, maandazi na daftari jipya, mkaniambia, "Mzee Maganga, tuandikie." Nadhani mlikuwa mnatafuta njia ya upole ya kunitoa mlangoni. Lakini mimi nikipewa daftari huwa nalijaza, ndivyo nilivyofundishwa, kwa hiyo mtasoma mpaka mchoke. Sitaandika nilipanda cheo lini wala mshahara wangu ulikuwa kiasi gani. Mambo hayo yamo kwenye jalada langu, na jalada lenyewe limeliwa na mchwa upande mmoja. Nitaandika juu ya mchwa pia, maana wanastahili.

Nilifika stoo ya mawe pale Tabora miaka michache kabla ya vita vya Hitla. Nilikuwa kijana wa Usoke, mtoto wa mzee wa kanisa la Moravian, mwenye kaptula moja nzuri na barua ya mwalimu inayosema najua kusoma na kuhesabu. Niliposikia serikali ina stoo ya mawe nilidhani ni mawe ya kujengea. Nikaingia nyumba ya bati karibu na reli, nikakuta mawe yamelazwa kwenye rafu kama wagonjwa, kila moja na namba yake ya rangi nyeupe. Katikati alikuwa amekaa mtu mfupi mwenye kofia iliyodariziwa, anapiga randa ubao.

"Shikamoo, fundi," nikasema.

"Marahaba. Unajua kufunga?"

"Kufunga nini, fundi?"

"Basi hujui," akasema, akaendelea kupiga randa.

Huyo ndiye Mzee Feruzi wa mtaa wa Ng'ambo, fundi wa masanduku, aliyenilea katika kazi hii. Kazi yake ilikuwa kutengeneza masanduku na kuyafunga mawe ambayo wataalamu waliyakusanya porini, ili yasafiri kwa treni na meli hadi kwa wasomi wa mbali bila kupata hata mkwaruzo. Asubuhi ile alinipa sanduku, mawe matano na yai moja bichi, akaniambia nivifunge pamoja. Nilipomaliza alilibeba sanduku mpaka barazani akalisukuma kwa mguu likaanguka chini. "Fungua," akasema. Yai lilikuwa limepakaa kila kitu. Kanuni yake ilikuwa kwamba anayevunja yai ndiye anayelila, kwa hiyo siku nne mfululizo nilikula mayai yaliyokaangwa pamoja na vumbi la mawe. Siku ya tano yai lilitoka zima. Mzee Feruzi akalichukua akaenda nalo kwake, wala hakunisifu.

Alinifundisha mengi, na baadhi yake nyinyi mmeyaacha tangu mlipoletewa hayo makasha yenu ya karatasi ngumu. Jiwe lolote likiingia mkononi mwako, lifunge kwanza ndipo uliulize jina. Gazeti liwe mara mbili, nyasi ziwe kavu, mawe mawili yasigusane. Ukimaliza, liinue sanduku hadi sikioni ulitikise. Likikujibu, fungua upya. Na masanduku yakae juu ya vigingi vilivyosimama ndani ya makopo ya mafuta ya taa, kwa sababu ya mchwa.

"Lakini fundi, mchwa wanakula mawe?" niliuliza.

"Mchwa hali jiwe. Anakula kile kinachotuambia jiwe ni nani." Akanionyesha kipande cha karatasi kilichobaki tundu tupu. "Magazeti haya tunayopewa na mapadre wa upande wa Kipalapala ndiyo wanayapenda zaidi. Karatasi yake laini. Wakisikia harufu yake hata kwenye mwamba watayafuata."

Sanduku likiwa tayari, Mzee Feruzi aliyeyusha lakiri nyekundu kwenye ncha za kamba, akagonga muhuri wa shaba aliouchonga mwenyewe. Hapo hakuna aliyeruhusiwa kusema neno. "Huu muhuri ni ulimi wangu," alikuwa akisema. Kwa miaka yote kabla yangu hakuna jiwe lililopotea chini ya muhuri ule, na mtaa mzima wa Ng'ambo ulikuwa unajua, maana yeye mwenyewe aliwaambia.

Mkubwa wetu alikuwa Mwingereza mmoja mrefu, mtaalamu wa mawe, ambaye sisi tulimwita Bwana Taratibu. Neno hilo alilitumia kwa kila kitu, hata kwa mbwa wake. Hakuwa mtu mbaya. Mwaka wangu wa kwanza ulipokaribia kuisha alituita ofisini akasoma barua kutoka makao makuu. Walikuwa wanafikiria kuifunga karakana ya masanduku ya Tabora, kazi hiyo ikafanyiwe pwani. Mzee Feruzi angeambiwa asante, aende nyumbani.

"Mimi nimewaandikia kwamba huyu fundi hapotezi," Bwana Taratibu alisema. "Wamejibu, sawa, tutaona kwa safari hii ya ziwani. Masanduku yakifika kamili, karakana inabaki. Likipungua jiwe moja tu, mimi sina la kusema tena."

Mzee Feruzi aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa kesho kuna jua. Lakini tulipotoka nje niliona anaivua kofia yake na kuivaa tena mara tatu.

Tulipanda treni kwenda ziwani mwishoni mwa masika, watu watatu na mbao za masanduku. Treni iliposimama Usoke mama yangu alikuwa stesheni na kikapu cha matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, vya kutosha jeshi. Mzee Feruzi alikula tangu hapo hadi mwisho wa reli, na akatamka kwamba mimi ni kijana mwenye ukoo mzuri.

Sikuwahi kuona ziwa. Nilipoliona niliuliza upande wa pili uko wapi, wakanicheka, na mimi nikawacheka kwa kunicheka. Tulipiga hema kusini mwa Ujiji, mwendo wa saa chache, penye mwamba wa kijivu ulioingia majini. Ndani ya mwamba ule kulikuwa na mawe yenye miviringo, duara ndani ya duara, mfano wa kitunguu kilichokatwa. Bwana Taratibu alipiga magoti mbele ya mwamba kwa muda mrefu, mpaka nikadhani anaumwa.

"Haya ni ya bahari," akasema.

"Ya ziwa, Bwana," Mzee Feruzi akamsahihisha kwa adabu.

"Hapana. Ziwa hili ni la jana. Palikuwa na bahari hapa kabla ya ziwa, kabla ya milima, kabla ya samaki."

"Sasa kabla ya samaki humo baharini alikuwamo nani?"

"Utelezi," alisema Bwana Taratibu. "Utelezi wa kijani. Ulikuwa unaota chini ya maji, mchanga unatua juu yake, unaota tena juu ya mchanga. Miaka na miaka. Ndiyo hii miviringo."

Mzee Feruzi alifikiri kidogo. "Ule unaoota ndani ya mtungi usiposuguliwa?"

"Ndugu yake."

"Kumbe mke wangu akichelewa kusugua mtungi ameanza kujenga mlima!"

Tulicheka hadi wavuvi wakageuka kututazama. Lakini msidhani tulikuwa tunacheza. Kila jiwe, kabla ya kulitoa, tulilichora mshale mdogo wa kuonyesha upande wa juu, tukapima urefu wake kutoka majini, ndipo nyundo na patasi zikaingia. Nilijifunza kupiga kidogo mara nyingi badala ya kupiga sana mara moja. Vidole vyangu viwili havijasahau somo hilo hadi leo.

Jiwe bora kuliko yote alilipata Mzee Feruzi, tena bila nyundo. Alikuwa amekaa kwenye kokoto anakula matobolwa, mkono mwingine unapapasa chini, akaacha kutafuna ghafla. Macho yake yalikuwa yameanza kupungua nguvu, ingawa alikuwa hapendi tulijue hilo, na vidole vyake vilikuwa vinafanya kazi mara mbili. Alikuwa ameshika jiwe la ukubwa wa ngumi, lililopasuka lenyewe katikati barabara, likaonyesha miviringo yote tangu kiini hadi ukingo. Bwana Taratibu alilishika kwa mikono miwili. Likawa namba thelathini na moja, la mwisho kwenye orodha, na Bwana akaandika kwenye daftari maneno mengi kuliko aliyoandika kwa yale thelathini kwa jumla.

Mvua ilikuwa inanyesha kila alasiri na wino ulikuwa unayeyuka kwenye karatasi. Kwa hiyo safari ile hatukuandika namba juu ya vifurushi, tuliziandika kwa rangi kwenye jiwe lenyewe, kisha tukafunga. Kwa nje vifurushi vyote vilifanana. Kumbukeni hilo.

Mvua hizohizo zikakata reli mahali fulani mashariki yetu. Bwana Taratibu akaamua tusingoje. Tutafute wapagazi, tutembee siku chache kwa ile njia ya zamani ya misafara ya Ujiji na Tabora, tuikute treni kwenye stesheni iliyo ng'ambo ya pale palipokatika. Jina la stesheni hiyo silitaji, na kabla hamjamaliza daftari mtajua kwa nini.

Asubuhi ya kuondoka nilimwona kila mpagazi anainama ufukweni na kuokota jiwe. Hawakuambiana. Nilijua wanafanya nini, maana babu yangu mzaa baba alikuwa mpagazi wa misafara, na alinisimulia nikiwa mdogo. Katikati ya njia ile kuna rundo kubwa la mawe. Kila mpita njia huweka jiwe alilolitoa alikoanzia safari, na uchovu wake unabaki pale na lile jiwe. Jiwe lazima liwe zuri. Ukiweka baya, rundo linakurudishia miguu yako vilevile. Baba yangu mzee wa kanisa hakupenda mazungumzo hayo. Mimi niliwaza kwamba baba yuko Usoke na miguu ni yangu, nikaokota jiwe jekundu lenye mshipa mweupe. Na kwa kuwa nilikuwa nimefundishwa vizuri mno, nikalifunga kwa gazeti mara mbili.

Siku ya nne tulivuka mto, na sanduku la tatu likaingia maji. Mzee Feruzi akalifungua penye jua, tukatoa vifurushi kumi, tukakausha nyasi. Mimi nikatoa na kifurushi changu mfukoni kikauke pia, nikakiweka kando kidogo. Wakati wa kurudisha, Mzee Feruzi alihesabu kwa kugusa huku mimi nikimpa kimoja kimoja. Moja, mbili, hadi kumi. Kumi ilikuwa sawasawa. Akafunga, akayeyusha lakiri, akagonga muhuri. Nami nikatia changu mfukoni.

Rundo tulilikuta jioni, kubwa kuliko nyumba ya bati ya stoo yetu. Wapagazi waliweka mawe yao kwa mkono, mmoja mmoja. Mzee Feruzi akaweka kokoto yake na kusema bismillahi. Mimi niliona aibu. Nilijidai nafunga kamba ya kiatu mpaka wote wakapita, kisha nikakivuta kile kifurushi mfukoni nikakirusha juu pamoja na gazeti lake, nikakimbia kuwafuata. Kesho yake nilitembea mwepesi ajabu. Nilimwambia Mzee Feruzi kwamba hewa ya huku ni nzuri.

Tulipofika Tabora Bwana Taratibu alitaka masanduku yafunguliwe yote, mawe yaoshwe na kuchorwa, ndipo yafungwe upya kwa safari ya meli. Yeye aliingia ofisini, tukabaki mimi na Mzee Feruzi. La kwanza sawa, la pili sawa. La tatu nilifungua mimi. Kifurushi cha saba nilipokikunjua nikaona jiwe jekundu lenye mshipa mweupe, bila namba.

Nikafungua haraka vitatu vilivyobaki: namba zote zilikuwepo isipokuwa thelathini na moja, lile jiwe aliloliokota Mzee Feruzi. Mzee Feruzi alilichukua lile jekundu, akalipitishia kidole gumba, akaligeuza, akalipitishia tena. Alikaa kwenye kigoda chake akatazama muhuri uliovunjika pale sakafuni.

"Sanduku nimelifunga mimi," akasema. "Nitamwambia Bwana kwamba nimezeeka."

Ningependa kuwaandikia kwamba nilisema kweli palepale. Haikuwa hivyo. Nilisimama kwa muda ambao hadi leo naukumbuka kwa soni, nikifikiria baba yangu atasemaje akisikia nimefukuzwa kazi kwa ajili ya rundo la mawe. Kisha nikamwona anaivua kofia yake, na mara hii hakuivaa tena. Nikatoka nikaenda mbio kwa Bwana Taratibu nikamweleza yote.

Alisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo umelitupa jiwe la bahari juu ya rundo la barabarani. Kwa sababu gani?"

"Ili miguu isichoke, Bwana."

"Ikachoka?"

"Haikuchoka, Bwana."

Alijifuta uso kwa leso, sijui kama alikuwa anakasirika au anacheka. Akasema meli haingoji, masanduku lazima yaondoke kwa treni ya pwani ya Jumatatu. Ilikuwa Jumatano. Namba thelathini na moja ikipatikana, habari hii haitatoka ofisini. Isipopatikana, ataandika ukweli makao makuu, na karakana itafungwa. "Nendeni," akasema. "Na safari hii, tafadhali, msiende taratibu."

Tulipanda treni siku hiyohiyo. Mzee Feruzi hakunigombeza hata kidogo, na hilo liliniuma kuliko makofi. Usoke tulipita bila kushuka. Nilijificha nyuma ya abiria mwenye kuku ili mama asinione. Kesho yake asubuhi tulishuka stesheni nisiyoitaja, tukatembea kurudi magharibi, na baada ya adhuhuri tukaliona rundo.

Lilikuwa limekua. Kwa kuwa reli ilikuwa bado imekatika, watu wote waliokuwa na safari walikuwa wanapita kwa miguu, na kila mmoja alikuwa ameacha jiwe lake. Nilipanda nikaanza kupapasa.

"We! Shuka hapo!"

Alikuwa mama mmoja Mnyamwezi wa makamo, Bi Nyamizi, aliyeuza karanga na togwa kwenye kibanda kando ya njia. Tulikuwa tumempita mara ya kwanza bila kununua, naye alitukumbuka kwa sababu hiyo. Nikashuka, nikamwamkia kwa Kinyamwezi, "Mwadila, mama."

"Mwadila. Unaokota mawe ya watu, una kichaa? Unajua ukiokota jiwe la mtu uchovu wake unakuingia wewe? Humo kuna uchovu wa tangu enzi za pembe za ndovu. Utalala hapo usiamke mpaka mvua ijayo."

"Jiwe ninalotafuta ni langu mwenyewe, mama. Niliweka kwa makosa."

Alifikiri, akatema ganda la karanga. "Lako mwenyewe unaweza kuchukua. Uchovu ni wako, utajuana nao. Lakini la mwingine usilitue chini. Likigusa ardhi, umelipokea."

Tukamnunulia togwa, jambo lililosaidia sana. Lakini nilikuwa nimevunjika moyo. Kulipekua rundo lile bila kutua jiwe chini, bila hata kujua upande gani, watu wawili wasingemaliza kwa mwezi. Nilitaka kulia. Mzee Feruzi alikuwa analizunguka rundo polepole, ameinama, uso wake karibu kabisa na mawe, kiganja kinapita juu yake kama anampapasa ng'ombe. Alizunguka mara moja. Mara ya pili akasimama.

"Maganga. Mchwa hali nini?"

"Jiwe, fundi."

"Sasa huyu anakwenda wapi?"

Chini ya kidole chake kulikuwa na mstari mwembamba wa udongo mwekundu, ile njia wanayojijengea mchwa, umetoka ardhini unapanda juu ya mawe matupu. Hapakuwa na kijiti humo, wala jani, wala kitu chochote cha kuliwa na mchwa. Hapakuwa na kitu isipokuwa gazeti la mapadre.

Nilimkumbatia. Yeye akaniambia niache upuuzi.

Tuliufuata ule mstari hadi ulipozama kati ya mawe, sehemu ya juu upande wa mashariki. Bi Nyamizi, aliyekuwa amesema hatashiriki, akapandisha kanga yake magotini akapanda pia. Tukafanya mnyororo: mimi naliinua jiwe, nampa Mzee Feruzi, Mzee Feruzi anampa Bi Nyamizi, naye analiweka upande wa pili wa rundo. Mzigo ulipita mkono kwa mkono, haukutua ardhini hata mara moja. Tulipoanza kuzoea, Mzee Feruzi akasimama na jiwe mkononi.

"Hili umelitoa hapa?"

"Hapo hapo, fundi."

Akapitisha kidole gumba. Nikaona midomo yake inahesabu. Lilikuwa jiwe la kijivu lenye miviringo, duara ndani ya duara. Akampa Bi Nyamizi. Lililofuata lilikuwa la kawaida. La baada yake lilikuwa na miviringo tena, kubwa kuliko namba thelathini na moja, na zuri kuliko yote tuliyoyatoa mwambani kwa wiki mbili. Kadiri tulivyoshuka ndivyo yalivyozidi. Hapo ndipo nilipoelewa. Wapagazi waliotoka Ujiji, miaka na miaka, walitakiwa kuokota jiwe zuri, na kule ufukweni zuri ndilo hili. Walikuwa wanakusanya kabla yetu, kabla ya Bwana Taratibu kuzaliwa, na walikuwa na jicho kali kuliko letu.

Mzee Feruzi alilishika lile kubwa kwa muda mrefu.

"Baba yangu alipita hapa," akasema. "Mara sita. Alikuwa akituambia aliweka jiwe lenye macho ndani ya macho. Tulidhani anatutania."

"Labda ni hilo, fundi."

"Labda ni hilo. Labda ni la mwingine." Macho yake yalikuwa yamejaa machozi na hakuyaficha. Kisha akalipeleka kwa Bi Nyamizi kwa mikono miwili, kama unavyompa mtu mtoto mchanga. "Liweke vizuri, mama. Lisibingirike."

Jiwe langu tulilikuta limevikwa udongo wa mchwa. Gazeti halikubaki hata herufi. Nilipoukwangua ule udongo, rangi nyeupe ikatokea, tatu na moja. Bi Nyamizi alilitazama akasema kwa safari yote hii alitegemea dhahabu.

Jumamosi jioni tulikuwa Tabora. Bwana Taratibu aliligeuza jiwe mbele ya dirisha, akavuta pumzi ndefu, kisha akatutazama wote wawili. Hakuwa mtu mjinga.

"Pale kwenye rundo," akauliza, "kuna mengine ya namna hii?"

Nilitazama sakafu. Nilikuwa tayari kusema lolote.

"Kuna mawe ya watu, Bwana," alijibu Mzee Feruzi.

Bwana Taratibu alikaribia kuuliza tena, akaacha. Alichukua kalamu akatia alama kwenye orodha. Jumatatu masanduku yaliondoka na muhuri wa shaba juu yake, na baada ya miezi ikaja barua kwamba yamefika kamili, mawe thelathini na moja. Karakana ilibaki. Mzee Feruzi aliifanyia kazi mpaka macho yakamwisha kabisa, na hata baada ya hapo alikuwa anakuja Ijumaa baada ya sala kutikisa masanduku yangu sikioni. Siku alipostaafu aliniachia muhuri. Nami nimemwachia yule kati yenu ambaye yai lake lilitoka zima, anajijua.

Nimekusanya mawe mengi tangu hapo, kwenye mabonde na milima ambako nyinyi mtaenda kwa magari. Nimesoma pia maandishi ya wasomi kuhusu ile bahari iliyokuwapo kabla ya samaki. Wanasema mifano mizuri ni michache. Kila nikisoma hapo hucheka peke yangu, mke wangu huniuliza kuna nini.

Sasa mmejua kwa nini stesheni ile sikuitaja. Nawajua, mngekwenda kesho na mifuko. Lakini kazi itawapitisha njia ile siku moja, na mkilifikia rundo hamtahitaji kuambiwa. Wekeni jiwe. Chagueni zuri, liwekeni kwa mkono wenu, mchana kweupe, msione aibu. Na tafadhali, kwanza litoeni gazeti.